Shule 13, nafasi 4 za nusu fainali: mshindwa bora ni haki?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu salaam. Naomba ushauri wa ratiba ya soka la wavulana, UMISSETA (michezo ya shule za sekondari Tanzania) ngazi ya wilaya. Shule 13, viwanja 2, siku 4. Pendekezo lililopo ni makundi matatu: A timu 5, B na C timu 4 kila moja. Vinara wanaingia nusu fainali, nafasi ya nne anachukua mshindwa bora, yaani mshindi wa pili mwenye rekodi nzuri kuliko wenzake. Walimu wa kundi B wamekataa: A wanacheza mechi 4, wao 3, kwa hiyo mwenzao ana nafasi ya kuokota pointi 3 za ziada. Wengine wanataka mtoano tangu siku ya kwanza. Kipi ni haki, na kanuni ziandikweje tusije tukamalizia kwenye rufaa?

Kocha Pembeni
Mtoano uacheni. Kwa shule 13, tatu zinavuka raundi ya kwanza bila kucheza, kumi zinacheza, na tano zinarudi nyumbani baada ya mechi moja. Hapo hapo mnatafuta kombaini, yaani timu teule ya wilaya! Beki mzuri aliyeko kwenye timu dhaifu mtamwona mara moja tu.

Kundi B wana hoja. CAF, shirikisho la soka Afrika, walikutana na jambo hili kwenye kufuzu Kombe la Dunia 2026: Eritrea ilijitoa kundi E, kundi la Taifa Stars, likabaki na timu 5 huku mengine yana 6. Walipolinganisha washindi wa pili, matokeo dhidi ya timu za nafasi ya sita yakaondolewa kwenye hesabu. Nanyi ondoeni mechi ya mshindi wa pili wa A dhidi ya aliyeshika mkia, wote wabaki na mechi 3.

Daftari la Pointi
Kocha, hiyo inasawazisha idadi ya mechi lakini inaleta shida nyingine. Chukua kundi A lenye timu P, Q, R, S, T. Q kamaliza mechi zake: kafungwa na P 2–0, kamfunga R 1–0, kamfunga S 5–0, katoka 0–0 na T. Ana pointi 7 na yuko wa pili. Imebaki mechi ya S (pointi 0) na T (pointi 1), zote zimeshaaga.

S asiposhinda, anashika mkia yeye. Ile 5–0 inafutwa, Q anabaki na pointi 4 na tofauti ya mabao −1. S akishinda, mkia ni T, inafutwa ile sare, Q anabaki na pointi 6 na mabao +4. Kama mshindi wa pili wa B ana pointi 6 na +1, basi tiketi ya nusu fainali inaamuliwa na timu mbili zisizo na cha kupoteza, na Q hayupo hata uwanjani. Kwenye mashindano ya shule, ambako walimu wanafahamiana, hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Halafu kundi la timu 5 lina raundi 5. Ukizibana ndani ya siku 3, kuna watoto watacheza mara mbili kwa siku.

Gaweni makundi manne: matatu ya timu 3, moja la timu 4. Mechi 3+3+3+6 = 15, yaani 5 kwa siku, na hakuna timu inayocheza mara mbili kwa siku kwenye makundi. Kinara wa kila kundi anapita. Mshindwa bora hayupo, hesabu ya kundi kwa kundi haipo.

Mwalimu wa Zamu
Nimekuelewa. Ila kundi la timu 3 si lina hatari ya wawili kupanga matokeo wakati wa tatu amepumzika?

Daftari la Pointi
Hatari kubwa iko pale wanapopita wawili. Anapopita mmoja, hakuna matokeo yanayowafaa wote wawili. Ongezeni kinga hii: aliyefungwa mechi ya kwanza ndiye anacheza ya pili na timu iliyopumzika, mshindi wa mechi ya kwanza anacheza mechi ya mwisho ya kundi. Hivyo siku ya mwisho kila aliye uwanjani bado ana nafasi, japo kwa hesabu. Mechi ya kwanza ikiwa sare, fuateni ratiba iliyoandikwa kabla.

Kundi la timu 4, mechi mbili za mwisho zianze kwa wakati mmoja, kila moja kiwanja chake. Baada ya Ujerumani Magharibi na Austria kumalizana 1–0 kule Gijón, Kombe la Dunia 1982, matokeo yaliyowapitisha wote wawili na Algeria ikatolewa, FIFA wakaanza kufanya hivyo kuanzia 1986.

Refa wa Wilaya
Niongeze kanuni. Pointi zikilingana: kwanza matokeo baina ya waliolingana, kisha tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, kadi, mwisho kura. Tofauti ya mabao isitangulie, maana shule moja ikija na wachezaji tisa, atakayekutana nayo atafunga kumi na kupita kwa hayo. Kadi pia ziandikwe mapema; Kombe la Dunia 2018 Senegal walilingana na Japan kwa kila kitu, wakatolewa kwa kadi za njano 6 dhidi ya 4.

Timu isipotokea, ushindi wa mezani 3–0. Ikijitoa katikati, matokeo yake yote yafutwe, si yaliyobaki tu.

Mamluki (wachezaji wasio wanafunzi halali wa shule): vitambulisho vikaguliwe kabla ya filimbi ya kwanza, na rufaa ipokelewe ndani ya saa 2 baada ya mechi. Ikija baada ya nusu fainali, timu iliyodhulumiwa mtairudishaje?

Siku ya nne nusu fainali zote saa 2:00 asubuhi, dakika 25 kila kipindi, fainali saa 10:30 jioni. Mkipata siku ya tano, fainali isogezwe. Mechi mbili kwa siku ni mzigo kwa hawa vijana.

Mwalimu wa Zamu
Asanteni sana. Kundi la timu 4 nani aingie?

Refa wa Wilaya
Waliofika nusu fainali mwaka jana watenganishwe, kila mmoja kundi lake, kwa kura. Tisa waliobaki kura pia, mbele ya walimu wote. Kanuni zisainiwe kabla karatasi ya kwanza haijachomolewa, maana kundi la timu 4 lina mpinzani mmoja zaidi na kila mtu atalikwepa akishajua nani yumo.