Tupeane simulizi: mgeni mwenye nacho na mgeni asiye nacho ndani ya Dubai

Kitanda cha Juu (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Huu ni mwaka wangu wa saba Dubai. Kuna jambo moja la mji huu ambalo nikilieleza nyumbani naonekana natia chumvi: karibu kila mtu hapa ni mgeni. Chukua watu kumi barabarani, tisa wamekuja na ndege kama wewe. Meneja wa benki ni mgeni, anayefagia benki naye mgeni. Wote wana Emirates ID (kitambulisho cha mkazi) mfukoni, kadi ile ile. Ila mmoja anaitwa ekspati, yaani mtaalamu wa kigeni, mwingine leba, yaani kibarua.

Naanza na changu. Nilikuja kama mlinzi, jengo la ghorofa arobaini na kitu pale Marina, mtaa wa wenye nazo. Zamu ya saa kumi na mbili, muda mwingi umesimama. Kulala, Sonapur, eneo la makambi ya wafanyakazi. Kwenye ramani utakuta imeandikwa Muhaisnah lakini sijawahi kumsikia mtu akiiita hivyo. Wahindi wanasema Sonapur maana yake mji wa dhahabu. Aliyeipa jina hilo sijui alikuwa anatania. Chumba kimoja watu wanane, vitanda vya dabodeka, changu cha juu, ndiyo asili ya jina langu humu. Basi la kampuni lilitubeba saa kumi alfajiri, maana kutoka Sonapur hadi Marina unaukata mji wote.

Jioni moja akaingia mkazi, anaongea na simu kwa Kiswahili safi cha Dar. Nikamsalimia. Alifurahi jamani, tukapiga stori za mpira pale mapokezi hadi lifti ikaja ikaondoka mara mbili. Mwisho akaniuliza, "Unakaa wapi?" Nikamwambia Sonapur. Akasema, "Ndiyo wapi huko?" Huyu bwana alikuwa na miaka sita mjini.

Wala hakuwa na dharau, na ndiyo maana nimelikumbuka. Mimi mwenyewe miaka miwili pale nilijua majina ya mbwa wote wa jengo lakini ndani ya nyumba za watu sijawahi kuona hata kochi.

Karibuni. Mwenye hela aje, asiye nayo aje. Matusi tuache.

Dada wa Villa

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Mimi nilifanya kazi za ndani miaka minne. Watu wakisikia Dubai wanadhani mabosi wangu walikuwa Waarabu. Hapana. Walikuwa wageni kama mimi, familia ya Kizungu, baba yuko kampuni ya mambo ya mafuta, watoto watatu, villa yenye bwawa. Mshahara wangu dirhamu 1,200, na sikuwahi kucheleweshewa hata siku moja, niseme ukweli. Chumba changu kilikuwa nyuma ya jiko karibu na mashine ya kufulia. Kilikuwa na kitanda, kabati na choo changu, dirisha hakuna. Ukizima taa mchana ni usiku.

Mtoto wa pili nilimlea tangu ana miezi mitano. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji". Madam alicheka sana, baadaye nikaona kama limemkaa vibaya.

Sasa sikilizeni. Madam hakuwa na visa yake mwenyewe. Alikuwa chini ya visa ya mume, na watoto hivyo hivyo, na mimi hivyo hivyo. Kafili wangu, yaani mdhamini wa visa, ni huyo baba. Mwaka 2016 kampuni yao ikapunguza watu, baba akiwemo. Utaratibu ni kwamba mdhamini hawezi kufuta visa yake kabla hajafuta za waliomtegemea. Kwa hiyo baba alipoachishwa kazi, aliyeanza kufutwa ni mimi. Akafuata madam na watoto, yeye wa mwisho. Walikuwa na siku 30 za kuondoka au kupata dhamana nyingine.

Wiki ile madam ndiyo alikaa jikoni na mimi kwa mara ya kwanza, tukanywa chai. Akasema, "Sisi wote tumefukuzwa." Nikamjibu ndiyo madam. Lakini moyoni nilijua yeye anarudi kwenye nyumba yake yenye bustani, mimi narudi kwa mama yangu na deni la wakala bado nusu.

Fundi wa Viyoyozi

Pole dada. Hiyo ya kufutwa wa kwanza nimeirudia kuisoma mara mbili.

Mimi nazunguka majumba ya watu kutengeneza AC, kwa hiyo nayaona maisha yote mawili siku moja. Sheria ya kusimamisha kazi za juani ipo, 15 Juni hadi 15 Septemba, saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, na inafuatwa kuliko watu wanavyodhani. Ila hiyo saa tisa na nusu ukipanda juu ya paa, bati la mashine linaunguza hata ukiwa na glavu.

Kisa changu ni mvua ya Jumanne ile, 16 Aprili 2024. Mji wa Al Ain ilipimwa milimita 254 chini ya siku moja. Nyie wa nyumbani mtasema mvua gani hiyo, lakini mji huu haukujengwa kwa mvua. Mimi nakaa Sharjah, mji jirani, mtaa wa Al Majaz, kwa sababu kodi ni nafuu. Mtaa wetu maji yalifika kiunoni na yakakaa siku kadhaa. Umeme hakuna, lifti hakuna, mimi ghorofa ya tisa. Vijana wa kujitolea walikuwa wanavusha watu kwa mitumbwi ya kupuliza.

Alhamisi bosi anapiga simu: kuna jengo Dubai maegesho ya chini yamejaa maji, mafundi wote waje na pampu. Nikavuka kwa mtumbwi, nikaungaunga usafiri hadi huko. Chini kule magari ya fahari yanaelea kama maboya. Mwenye gari moja amesimama pembeni analia, halafu ananiuliza kama nyumbani kwangu ni salama. Nikamwambia salama. Sijui kwa nini nilidanganya. Tukapiga pampu hadi usiku, kukakauka. Mtaani kwetu maji yalikuwa bado yapo.

Mhasibu wa 31

Wakuu, naomba msituchore sana sisi wa ghorofani. Nilifika 2008 na mwaka uliofuata mtikisiko wa uchumi ukapiga. Niliona kwa macho yangu magari yamejaa vumbi kwenye maegesho ya uwanja wa ndege, wenyewe wamepanda ndege kukimbia mikopo. Hao ndio ekspati mnaowaonea wivu.

Nyumba hapa unalipa kwa hundi za tarehe za mbele, mbili au nne kwa mwaka. Kabla ya mabadiliko ya 2022, hundi ikirudi bila salio ni kesi ya jinai, unaweza kulala ndani. Kodi ya mapato hakuna, sawa, lakini na pensheni hakuna. Unapewa kiinua mgongo: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, baada ya hapo siku 30. Sikilizeni hilo neno "msingi". Mwajiri anaweza kuufanya mshahara wa msingi kuwa mdogo, kilichobaki kinaitwa posho. Mimi mhasibu, najua tunavyoipanga.

Nikapunguzwa kazi 2015. Malipo ya mwisho yalivyoingia tu, benki ikafunga akaunti kwa sababu nilikuwa na mkopo wa gari. Ada ya watoto wawili inadaiwa, na siku 30 za visa zinahesabika. Nilikuwa navaa suti kila asubuhi natoka, nakaa kwenye maduka makubwa hadi jioni ili watoto wasijue. Nilipata kazi siku ya 26.

Wanangu wamezaliwa hapa. Ukimuuliza mdogo kwao ni wapi anakutajia kituo cha metro, treni ya mjini. Na hawana uraia wa hapa, wala hawatakuwa nao kwa kuzaliwa tu. Kwa hiyo hofu ipo juu na chini.

Naif Hadi Naif

Mkuu Mhasibu, siku ya 26 ulipata kazi. Mimi siku ya 60 visa ya matembezi iliisha.

Wakala aliniambia kazi ipo supamaketi, nikauza kiwanja. Kufika Aprili 2023, supamaketi haikuwahi kuwepo. Nikakodi kitanda mtaa wa Naif, dirhamu 450 kwa mwezi, chumba watu kumi na wawili, tunapeana zamu hadi ya kutumia soketi ya kuchajia simu. Aliyetukodisha naye ni mpangaji, dereva wa lori, yeye na kitanda chake kimetengwa kwa pazia. Ndiyo tajiri wetu huyo.

Faini ya kupitiliza visa ni dirhamu 50 kwa siku. Mwaka mmoja ni 18,250. Ukishafika hapo huwezi kuondoka, kwa sababu uwanja wa ndege watakudai, na huwezi kubaki kihalali kwa sababu hiyo hiyo. Nilibeba mizigo, niliosha magari usiku, nilikuwa nikiona polisi navuka barabara. Deni lilishavuka 20,000.

Ulipokuja msamaha wa waliopitiliza visa, 1 Septemba 2024, uliosogezwa hadi 31 Desemba, nikaenda kwenye mahema ya uhamiaji kule Al Awir. Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na mzee amevaa shati lililopigwa pasi, saa nzuri mkononi. Alikuwa na mgahawa, ukafa, leseni ikaisha, naye akaishiwa visa kama mimi. Tulikaa kiti kimoja saa nne nzima. Aliponiuliza nilikuwa nafanya kazi gani nikasema supamaketi.

Faini ilifutwa, nikaondoka Novemba bila zuio la kurudi. Kiwanja ndiyo kimeshajengwa nyumba ya mtu.

Injinia wa Mara Mbili

Niongeze kitu ambacho hakisemwi. Hapa pasipoti nayo inapokea mshahara.

Nilikuwa ofisi ya ushauri wa ujenzi (sitaitaja), meza moja na jamaa wa Ulaya, uzoefu wangu unamzidi miaka mitatu. Siku printa ilipotoa karatasi isiyo yangu nikaona mkataba wake. Karibu mara mbili, na tiketi za familia, na nyumba. Sikugomba. Nikaomba Kanada, nikakaa huko kwenye baridi mpaka nikapata uraia, nikarudi Dubai 2021. Kazi ile ile, michoro ile ile, kichwa hiki hiki. Safari hii waliniuliza mimi nataka nini.

Bei yake? Tanzania haina uraia pacha. Nilipokwenda kumzika baba nilipanga foleni ya wageni pale uwanjani, nikalipia visa. Afisa akaniuliza kwa Kiingereza madhumuni ya safari. Nikamjibu kwa Kiswahili, akanyamaza kidogo, akagonga muhuri.

Teksi ya Zamu

Fupi tu. Abiria wa kwenda Palm, kile kisiwa cha kutengenezwa, mama mkarimu, kaniuliza mbona sileti mke wangu, atapenda fukwe. Nikamwambia sheria inataka niwe na mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 na nyumba. Akafikiri kidogo akasema, "Basi mwambie bosi wako akuongezee."

Alinipa bakshishi ya 20. Mke yuko Tanga.

Kitanda cha Juu

Teksi umenivunja mbavu aisee.

Naona kila mtu analeta fedha, lakini hebu tazameni suala la muda. Mwenye kununua nyumba ya dirhamu milioni mbili anapata visa ya dhahabu, miaka kumi, hana kafili, na anaweza kukaa nje ya nchi hata mwaka isife. Mimi na Mhasibu tukikaa nje zaidi ya miezi sita, visa imekwisha. Kule Marina kulikuwa na nyumba ambazo mwenyewe anaonekana wiki mbili kwa mwaka. AC inawaka mwaka mzima, nyumba haina mtu. Huyo ndiye mkaaji wa kudumu kwenye makaratasi. Sisi tusiokosekana hata siku moja ndio wa muda.

Hata metro ukitazama, behewa la dhahabu, yaani la daraja la juu, na haya yetu yanafika kituoni sekunde moja. Nauli yake ni mara mbili. Wanacholipia ni nafasi ya kukaa mbali na sisi kwa dakika arobaini. Simlaumu mtu, hata mimi siku nimetoka zamu ya usiku ningelipa.

Mhasibu, sikatai hofu yako. Kuzunguka na suti siku 26 siyo mchezo.

Dada wa Villa

Mimi nina swali moja tu kwa kaka Mhasibu, na naomba asichukie. Hapo kwenu mna dada wa kazi?

Mhasibu wa 31

Tunaye, dada, mwaka wa tano sasa. Pasipoti yake anakaa nayo mwenyewe, Jumapili anatoka, na nyumbani anaenda kila baada ya miaka miwili kwa tiketi yetu.

Dada wa Villa

Mungu awabariki. Chumba chake kina dirisha?

Mhasibu wa 31

Nimetoka kuangalia sasa hivi. Kina feni ya kutolea hewa. Dirisha hakina.