Tupeane uzoefu: filamu za Kihindi za karibuni na riwaya ya Siddhartha, ni wapi hapafai kurukwa?

Jahazi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaofuatilia filamu za Kihindi za miaka hii ya karibuni na walioisoma Siddhartha ya Hermann Hesse. Nimeziweka pamoja kwa makusudi, kwa sababu zote zinaharibiwa kwa namna moja: watu wanaruka katikati. Wimbo ukianza, filamu inasukumwa mbele. Siddhartha akishaingia mjini, kitabu kinafungwa. Baadaye unasikia hadithi haina mashiko.

Kila mmoja ataje kazi, sehemu isiyofaa kurukwa, na kinachopotea ukiiruka. Tuzungumzie kazi zenyewe. Miisho itatajwa, kwa hiyo ambaye hajaona asubiri.

Naanza na Laapataa Ladies ya Kiran Rao, iliyoingia kumbini Machi 2024. Hadithi imewekwa mwaka 2001. Deepak anasafiri kwa treni na mkewe mpya, Phool. Behewa lina maharusi wengine, na bibi harusi amevaa nyekundu kama mwenzake, ushungi umeshushwa mpaka uso hauonekani. Usiku, stesheni ikifika, Deepak anamwamsha aliyedhani ni mkewe na kushuka naye. Nyumbani ushungi unafunuliwa, kumbe ni Jaya.

Pale polisi ndipo pasirukwe. Deepak anaulizwa picha ya mke aliyepotea, anaitoa ya harusi. Yeye mwenyewe anaonekana vizuri, pembeni yake kuna kitambaa chekundu chenye umbo la mtu. Inspekta, anayeigizwa na Ravi Kishan, anaishika na kuitazama. Picha hiyo moja inaeleza kosa la usiku ule lilivyowezekana.

Jambo la pili ni jina la mume. Wengi wanauliza kwa nini Phool hasemi tu anakokwenda akarudishwa. Hajui jina la kijiji cha wakwe zaidi ya kukumbuka kwamba kina jina la ua, na mila aliyolelewa nayo inamkataza mke kumtaja mumewe kwa jina. Huku pwani tunaifahamu haya ya namna hiyo, mke kusema "baba fulani", ila kwa Phool ni kamba ya shingo. Ukiruka maelezo hayo, mwishoni pale stesheni anapopaza sauti na kumwita Deepak kwa jina, utasikia mwanamke anamwita mumewe, basi.

Na genge la chai la Manju Mai msilipite haraka. Phool anapika kalakand, tamutamu ya maziwa yaliyochemshwa mpaka yakagandamana, watu wanainunua, na Manju Mai anamlipa. Ndiyo fedha ya kwanza ya jasho lake.

Kalamu Kavu

Naongeza 12th Fail ya Vidhu Vinod Chopra, Oktoba 2023. Imetokana na kitabu cha Anurag Pathak kuhusu ofisa wa polisi Manoj Kumar Sharma, kijana wa Chambal aliyefeli darasa la kumi na mbili, ambalo ni kama kidato cha sita cha Tanzania.

Ili uifuate, jua mtihani wa utumishi wa umma wa India unavyokwenda. Hatua ni tatu: mchujo wa maswali ya kuchagua jibu, karatasi za kuandika kwa kirefu, kisha usaili. Ukikwama hatua yoyote unarudi kwenye mchujo mwaka unaofuata, na nafasi za kujaribu zina kikomo. Kwa hiyo neno "Restart" linalorudiwa humo lina uzito wa kweli, ni kuanza upya kutoka sifuri huku nafasi zikihesabika. Gauri, mtahiniwa mwenzake Manoj aliyemaliza nafasi zake zote, anafungua genge la chai kwa jina hilo, akawa nguzo ya wanaobaki.

Wengi wanaruka dakika za mwanzo za shuleni kijijini, walimu wanapowapa wanafunzi majibu ndani ya chumba cha mtihani, mpaka ofisa wa polisi Dushyant Singh anafika na kuzuia. Darasa zima linafeli kwa sababu siku hiyo hakukuwa na wizi. Sasa ruka hapo, uje ukae kwenye usaili wa mwisho. Manoj anaulizwa kwa nini alifeli. Anaweza kutafuta kisingizio. Anasema ukweli wote, mbele ya watu watakaoamua maisha yake. Kama hukuiona shule, utasikia maswali na majibu tu, hutaona ni mlango gani anaufunga.

Na pale kwenye mashine ya kusaga, Vikrant Massey, anayemwigiza Manoj, amepauka kwa unga mpaka kope, kitabu kiko kando ya mashine inayonguruma. Hotuba hakuna na haihitajiki. Tuzo za Taifa za filamu za India za mwaka 2023, zilizotangazwa Agosti 2025, zilimpa Massey uigizaji bora pamoja na Shah Rukh Khan wa Jawan, na 12th Fail ikawa filamu bora. Kwa Massey naunga mkono kwa mikono miwili. Jawan inasisimua, lakini kazi ya Massey ni ngumu zaidi kwa sababu muda mwingi haonyeshi anachokifanya.

Mkanda Mzima

Kabla hamjaenda mbali, hakikisheni mnachokitazama ni filamu nzima. Nakala nyingi za kwenye flashi na vibanda umiza zimetafsiriwa na DJ. Sina ugomvi na kazi yao, wamewafungulia filamu watu wasingeelewa neno. Lakini fahamuni inavyofanyika: sauti ya asili inashushwa, ya msimulizi inawekwa juu, na mara nyingi nyimbo zinakatwa kupunguza urefu. Katika filamu ya Kihindi wimbo unaweza kubeba miezi sita ya hadithi. Watu wanapendana humo, fedha zinaisha, mtoto anakua. Ukiukata, wahusika wanatokea upande wa pili wakiwa wengine.

Kipimo rahisi ni urefu. 12th Fail ina dakika 147. Animal ina 201. Linganisha na faili lako. Likipungua dakika 20 au zaidi, limekatwa. Likipungua 5 au 6 usiharakishe kulaumu, kwa sababu filamu inapigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na ikigeuzwa kwenda 25 za mfumo wa televisheni inakimbia kwa asilimia 4 hivi. Dakika 147 zinakuwa 141 bila tukio hata moja kuondolewa. Kitakachobadilika ni sauti, zinapanda kidogo, na mwenye sikio la muziki ataisikia.

Jambo la pili ni "tu", "tum" na "aap". Yote kwetu ni "wewe", na maandishi ya chini ya Kiingereza nayo yanayapiga pasi. "Aap" ni ya heshima, kwa mkubwa au mgeni. "Tum" ni ya watu wa rika au waliozoeana. "Tu" ni ya ndani kabisa, kwa mtoto, kwa Mungu, kwa mpenzi, au ya kudharau. Mhusika akihama kutoka moja kwenda nyingine kwenye sentensi moja, uhusiano umebadilika. Sikiliza neno, usisome tu.

Mswahili ana mtaji tayari: duniya, waqt, kitaab, kalam, khabar, safar, haal, dawa, haq. Na sabr, yaani subira. Ishikeni hiyo, wa Siddhartha watahitaji.

Mtoni

Nimeipokea, mkuu.

Kosa la kwanza: Siddhartha wa riwaya si Buddha. Jina ni lile alilopewa Buddha kwao, lakini humu Buddha anaitwa Gotama na anaonekana sura ya tatu. Rafiki yake Siddhartha, Govinda, anabaki kumfuata. Siddhartha anamsikiliza, anamheshimu, anaondoka. Ukiwachanganya hao wawili kitabu chote kinapinda.

Kina sura 12, nne sehemu ya kwanza na nane ya pili. Kilitoka Ujerumani 1922. Hesse alikwama katikati kwa zaidi ya mwaka, kwa sababu kuandika habari za mtu anayetafuta alikuwa anaziweza, na za mtu aliyepata hakuwa bado anazijua. Jueni pia India hii imetoka wapi. Babu yake mzaa mama, Hermann Gundert, alikuwa mmisionari Kerala na alitunga kamusi ya Kimalayalam iliyotoka 1872. Mama yake alizaliwa hukohuko. Hesse mwenyewe alisafiri 1911 hadi Ceylon, Singapore na Sumatra, lakini bara la India hakulitembea. Ndiyo maana mji wa Kamala, kahaba mashuhuri anayempenda Siddhartha, hauna jina. Ni India ya vitabu na maongezi ya nyumbani, msitafute ramani.

Sasa pasiporukwa. Sura ya kwanza kijana anamwomba baba ruhusa ya kwenda kuishi na masamana, watawa wa msituni. Baba anakataa. Kijana anasimama palepale, mikono imekunjwa kifuani. Usiku baba anakosa usingizi, anachungulia dirishani, mtoto amesimama. Saa inapita, anachungulia tena, mwezi unamulika miguu iliyo wazi. Alfajiri baba anaona magoti yanatetemeka kidogo, uso hautetemeki. Hapo anatambua kwamba mwanawe ameshaondoka, mwili tu ndio umebaki. Anamruhusu.

Miaka mingi baadaye Siddhartha ana mtoto wake, aliyezaa na Kamala. Mtoto anamchukia, anaiba fedha, anachukua mashua na kutoroka. Siddhartha anauinamia mto na kuuona uso wake unafanana na wa baba yake. Msomaji aliyepita haraka usiku ule wa kusimama hapati chochote hapa.

Katikati ndiko kunakochosha wengi: mjini, kwa Kamala na kwa mfanyabiashara Kamaswami. Siddhartha anaulizwa anajua nini, anajibu mambo matatu: kufikiri, kusubiri, kufunga. Kamaswami anauliza kufunga kuna faida gani. Jibu ni la kibiashara kabisa: asiye na chakula na hajui kufunga atakubali kazi yoyote leo hii, njaa itamlazimisha, lakini anayejua kufunga anaweza kungoja kwa utulivu. Sabr hiyo. Halafu anatumwa kijijini kununua mavuno ya mpunga, anakuta yameuzwa kwa mwingine, na badala ya kurudi mbio anakaa siku kadhaa na wakulima, anawapa watoto visenti. Kamaswami anafoka. Siddhartha hashtuki.

Miaka inakwenda. Anaanza kucheza kamari kwa dau kubwa, anafoka kwa wadaiwa, anazoea mvinyo. Akija kufika mtoni akitaka kufa, anagundua yale matatu hayapo tena, ameyauza kwa vitu duni kuliko vyote. Ukiruka mji, unakutana na mtu anayetaka kujizamisha bila kujua alichopoteza.

Behewa la Saba

Napinga kidogo. Zipo sehemu zinazostahili kurukwa. Animal ya Sandeep Reddy Vanga ina kiini cha kweli, njaa ya mtoto kwa baba asiyekuwepo, na kimewekwa mapema vizuri. Lakini tukio la kumwambia mwanamke alambe kiatu ili athibitishe mapenzi halijengi chochote, na kulitetea kwa kusema mhusika ndivyo alivyo ni udhaifu, kwa sababu kamera inamshangilia. Bobby Deol amecheza bubu mwenye nguvu kuliko wengi waliopewa maneno, basi tu anakuja amechelewa.

Kill ya Nikhil Nagesh Bhat ni kinyume chake, isirukwe hata dakika. Ni treni moja iendayo Delhi, majambazi, na komando aliyemfuata mchumba wake. Jina la filamu halitokei mwanzo, linatokea karibu na katikati, mchumba akishauawa. Kabla ya hapo staringi anapiga ili kuzuia. Baada ya jina anapiga ili kuua. Wanaosukuma mbele kutafuta ngumi wanaona ngumi zote ni moja.

Kalamu Kavu

Kwa hilo la Animal nakuunga mkono.

Aliyeipenda 12th Fail aitazame Homebound ya Neeraj Ghaywan, 2025. Marafiki wawili, Mwislamu na Mdaliti, yaani wa tabaka linalobaguliwa India, wanagombea ukonstebo, matokeo hayatoki, mwaka unakwenda. Kisha inakuja karantini ya korona ya 2020 na wanalazimika kurudi kijijini barabarani. Kusubiri matokeo kumerefushwa kwa makusudi, msikusukume mbele. 12th Fail inamfuata aliyepita, Homebound inawafuata waliobaki kwenye foleni, na kwangu hii ya pili ndiyo nzito.

Jahazi

Mtoni, ipo filamu ya Siddhartha, inafaa kuanzia hapo?

Mtoni

Usianzie hapo. Ya Conrad Rooks, 1972, Shashi Kapoor ndiye Siddhartha na Simi Garewal ni Kamala. Inazungumza Kiingereza na ina kama saa moja na nusu, kwa hiyo miaka ya mjini imebanwa sana. Upigaji picha wa Sven Nykvist ni wa kustaajabisha, mto unaonekana kama una pumzi.

Soma kwanza. Tafsiri ya Kiingereza iko bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, na sentensi ni fupi. Sura moja kwa usiku, usiku 12. Sura ya "Mvushaji" isome mara mbili, kwa sababu Vasudeva, mvushaji mwenyewe, hafundishi kwa maneno mengi, anamwelekeza Siddhartha asikilize mto, na mara ya kwanza utakuwa unasubiri aseme kitu. Ukimaliza, washa filamu na uache wimbo O Nodi Re wa Hemant Kumar uishe. Ni Kibengali, "ewe mto".