Fungu la nyanya la shilingi 500: niandike bei au niandike uzito?

Mhesabu wa Sinza

Ndugu zangu, habari za jioni. Kazi yangu ni utafiti wa takwimu, na kwa miezi minne sasa, kila Jumamosi asubuhi, nimekuwa nikipita kwenye meza tatu za mboga karibu na nyumbani kwangu na kuandika bei ya nyanya na ya mchicha, kwa nia ya kuona jinsi hali ya mashamba inavyomfikia mlaji wa hapa Dar es Salaam. Nilipochora mchoro wa kwanza nilijicheka mwenyewe. Mstari wa nyanya ulikuwa umelala chali tangu wiki ya kwanza hadi ya mwisho, shilingi 500 kwa fungu, ilhali kila jirani analalamika kwamba nyanya zimepanda.

Jumamosi iliyofuata nikaacha kuuliza bei, nikahesabu. Fungu ambalo zamani lilikuwa na nyanya nne chini na moja juu, sasa lilikuwa na tatu chini na moja juu, na hiyo ya juu ndiyo pekee iliyokuwa na umbo la kuridhisha. Kumbe bei ilikuwa ikipanda kwa kuondoa nyanya, nami nilikuwa nikiandika sarafu tu. Ukilifikiria, muuzaji hana namna nyingine, kwa sababu mtaani hakuna sarafu inayozunguka ya kumwezesha kutoka 500 kwenda 540. Sarafu inabaki pale pale na nyanya ndiyo inayoondoka. Nauli ya daladala haina mambo haya: inapangwa na LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu, na siku ikibadilika mji mzima unajua kabla ya jua kuchwa.

Nina maswali mawili. Je, ninunue fungu kila wiki na kulipima, au niachane na meza za mtaani nihamie soko la Ilala, niandike bei ya tenga? Pili, nimelinganisha nyanya na mvua za hapa Dar es Salaam nisipate uhusiano wowote, lakini mchicha unafuata mvua hizo karibu hatua kwa hatua. Ninakosea wapi?

Mama Meza

Kaka, ninauza mboga Mwananyamala mwaka wa kumi na moja huu. Umehesabu vizuri, ila umesahau nyongeza. Mteja wangu wa kila siku hulipa 500 kama wewe, lakini nikishamfungia mfuko ninamtupia nyanya moja ndogo au karoti iliyovunjika. Wewe unayekuja mara moja kwa wiki na daftari mkononi hupewi, na usinilaumu.

Jambo jingine ni saa. Fungu la asubuhi si fungu la jioni. Ikifika saa kumi na mbili, nyanya iliyoiva sana najua hailali, kwa hiyo ninayapanga mafungu upya na kuyanenepesha, na bei inabaki ile ile. Anayetoka kazini ananunua nyanya nyingi kuliko wewe wa Jumamosi asubuhi, ingawa za kupikwa usiku huo huo.

Kuhusu tenga, usidhani kwamba ukienda Ilala ndipo utakapoukuta ukweli. Tenga silipimi, ninaona safu ya juu peke yake. Nikifika na kumimina kwenye beseni ndipo ninapokuta zilizopasuka na za kijani chini. Juzi nilitupa ndoo ndogo nzima, na fungu lako la nyanya nne ndilo linalolipia ndoo hiyo.

Bwana Shamba wa Ilula

Ndugu Mhesabu, swali lako la pili ndilo lililonifanya niandike. Unatafuta sababu ya bei ya nyanya kwenye wingu lisilohusika. Dar es Salaam mna vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, lakini nyanya nyingi unazoziona Ilala zimepanda lori huku Iringa, ambako tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Aprili hivi. Mvua zikishika, nyanya hupigwa na ukungu, na mkulima asiyepiga dawa kwa wakati hupoteza shamba ndani ya siku chache. Kiangazi nacho kina adui wake, yule mdudu ambaye wakulima walimpa jina la kantangaze baada ya kuingia nchini mwaka 2014. Anatoboa jani, kisha tunda, na shamba aliloingia utalitambua hata ukiwa mbali.

Mchicha ni hadithi nyingine kabisa. Huo unalimwa humo humo mjini, bonde la Mto Msimbazi likiwemo, na huwa tayari kwa wiki tatu au nne tu. Masika yakijaza bonde, matuta yanakwenda na maji na wiki hiyo hiyo fungu linapungua. Kwa hiyo kwenye meza moja una mboga mbili zilizo chini ya mbingu mbili. Tafuta rekodi za mvua za Iringa, kisha linganisha bei ya kila wiki na mvua ya wiki kadhaa kabla yake.

Na tenga, ndugu yangu, ukubwa wake huamuliwa na dalali. Wakala wa Vipimo wamehangaika miaka mingi na lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kipimo, lakini tenga nalo hujazwa hadi kupita ukingo na mkulima hulipwa tenga moja. Usilitegemee kama kipimo.

Safu na Mistari

Nunua mizani ndogo ya jikoni. Andika sarafu, idadi, gramu na saa, kila kimoja kwenye safu yake, na kwa meza tatu chukua namba ya katikati badala ya wastani, maana meza moja yenye ukarimu siku hiyo itakupotosha.

Mhesabu wa Sinza

Nawashukuru sana. Mizani nimenunua, na leo nimepima mara mbili kwenye meza moja: asubuhi fungu la 500 lilikuwa gramu 380, jioni gramu 510. Rekodi za Iringa nitazitafuta kuanzia Jumatatu. Kilichobaki ni nyongeza. Mama Meza, niiweke wapi kwenye jedwali langu?

Mama Meza

Hiyo tutaizungumza ukishakuwa mteja wa kila siku. Ila mizani iache nyumbani, kaka, usije nayo mezani kwangu. Wateja watadhani umetumwa na Wakala wa Vipimo.