Mjadala: Miaka ya kazi ndiyo ujuzi?

Mwanzisha mada, Shimanzi

Jamani, nisaidieni kabla sijakosana na watu. Gereji yetu inatafuta fundi mmoja wa dizeli na waliobaki ni wawili. Mmoja ni mzee wa miaka 22 kazini, alianzia Mwembe Tayari akiwashikia wenzake tochi, cheti hana hata cha gredi tatu. Wa pili ni binti wa miaka minne tu, ana diploma, na ile mashine ya kusomea kompyuta ya gari anaijua kama simu yake. Mwenye gereji aliandika kwenye tangazo "uzoefu usiopungua miaka 10", na kwake maneno yamekwisha. Mimi nasema kuhesabu miaka si kupima ujuzi.

Wiki jana ililetwa pikapu, injini inatetema. Mzee alisimama pembeni, kichwa amekiinamisha, akasema silinda ya tatu imekufa. Akachukua spana namba 17 aende kulegeza nati ya paipu ya nozeli, ile inayopeleka dizeli kwenye silinda, injini inanguruma. Kwa wasiojua: injini za zamani hupimwa hivyo, unalegeza moja moja, na ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo mbovu. Ufundi safi kabisa. Ila hii ilikuwa ya komoni reli, yaani injini mpya za dizeli zinazoongozwa na kompyuta, ambayo dizeli yake huweza kupita mgandamizo wa baa 1,000. Ukiilegeza inachomoka uzi mwembamba usiouona, unapenya ngozi kama sindano, dizeli inabaki ndani ya nyama. Kuna watu wamekatwa vidole kwa sababu hiyo. Nilimdaka mkono.

Binti akachomeka mashine yake, tukangoja. Silinda ya tatu.

Haya, semeni.

Mtu wa Likoni

Umeshajijibu, kaka. Sikio lile halisomewi darasani. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi, Lamu kuja Mombasa, na karatasi pekee aliyowahi kutia saini ni ya kupokea shehena. Alijua kusi imekaribia kwa kutazama maji tu. Aliyekula chumvi nyingi aheshimiwe.

Wakala wa forodha, Mjini

Ndugu yangu wa Likoni, upepo wa babu haukubadilishwa na mtu. Kusi ya leo ni ile ile. Sisi je? Nilipoanza kazi ya kutoa mizigo, bingwa alikuwa yule anayejua faili lako limelala meza gani na nani wa kuliamsha. Mwaka 2005 ukaingia mfumo wa Simba, hati zikawa zinatumwa kwa kompyuta. Nikawaona wakubwa wangu wa miaka 20 wanamwomba kijana wa saibakafe awabofyie. Hawakuwa wajinga wale, jamani. Walichokijua kilikuwa cha kweli, kikaondolewa mezani tu. (Wengine tuseme ukweli: walichokijua ni watu, si kazi.)

Muuguzi, Kisauni

Na kwetu hospitalini ni hivyo hivyo. Mwaka 2005 Choudhry na wenzake wa Harvard walikusanya tafiti 62 kuhusu miaka ya daktari kazini na ubora wa tiba anayotoa. Zaidi ya nusu ya tafiti zilionyesha ubora ukipungua kadiri miaka inavyoongezeka. Sisemi wazee wafukuzwe. Mshipa wa mtoto mchanga hakuna anayeupata upesi kama wale dada zetu wa zamani, kwa sababu wameutafuta kila siku na ukikosea unaona papo hapo. Dawa ikibadilishwa wewe hukuambiwa, hakuna kitakachokuumbua. Utaendelea na ile ya zamani kwa kujiamini.

Halafu hiyo habari ya cheti: serikali imezindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini, 2024. Mzee apelekwe akapimwe. Hapewi cheti kwa mvi, anaonyesha anachokiweza.

Mtu wa Likoni

Apimwe na nani? Na kijana ambaye hajawahi kushusha injini?

Mpita njia, Kongowea

Waajirini wote wawili, mshahara ukatwe kwa mwenye gereji. 😂

Mwanzisha mada, Shimanzi

Dada wa Kisauni umenigusa. Jioni nilikaa na mzee tukanywa kahawa, nikamuuliza taratibu, mzee wangu, komoni reli umefungua ngapi? Akacheka. Akasema, "Mwanangu, gari mpya nani aliwahi kuniletea mimi pale chini ya mwarobaini?" Miaka yote 22 wateja wake walikuwa matatu chakavu na malori ya mchanga. Wenye gari mpya walikwenda kwenye gereji zenye vigae. Hiyo kwenye wasifu wake haionekani, na wala haikuwa uamuzi wake.

Na binti naye nilimuuliza angefanyaje kama mashine ingegoma. Alinyamaza kidogo, akasema angepiga simu chuoni. Angalau hakunidanganya.

Mwenye gereji bado anataka jina moja. Jumatatu nawapa lori moja la pampu ya zamani na ile pikapu, kila mtu aanze na lile asilolizoea, mwenzake akae karibu. Spana namba 17 nitakuwa nayo mimi mfukoni.