Bastola ndogo ya kukimbia nayo asubuhi: Glock 43, P365, LCP Max au rivolva?

MkimbiajiNaguru
Habari zenu wakubwa. Huu ni mwaka wa nne nina leseni ya bastola, kwa sababu ya kazi. Nabadilisha fedha za kigeni, na watu mtaani wanajua. Silaha yangu ni Glock 19. Ofisini na garini sina ugomvi nayo. Taabu inaanza saa kumi na moja na nusu alfajiri nikitoka kukimbia: hapa Kampala nashuka kutoka Naguru hadi Lugogo, napanda Kololo, narudi nyumbani. Wiki jana nikasema nijaribu kuibeba ndani ya bukta ya kamba. Mita mia mbili hazikuisha, bukta iko mapajani, nimeshika kiuno kwa mikono miwili, na askari wa lango la jirani anacheka mpaka anafuta machozi.

Nataka kitu kidogo. Nimebakiza nne: Glock 43, SIG P365, Ruger LCP Max na rivolva fupi ya Smith & Wesson 642. Ninachojali ni uzito, jasho, na isiruke-ruke kiunoni. Naomba waliokimbia nayo kweli wanijibu. Waliotazama video nawaheshimu, lakini wapumzike.

BinMasika
Salaam kutoka Kasese. Nimekaa Texas miaka kadhaa, na nimekimbia na LCP Max na P365 zote mbili. Glock 43 nimeipiga uwanjani tu, sijaikimbiza.

Kwanza uzito, na usiangalie ule wa kwenye karatasi ya muuzaji, maana ni wa bastola tupu. LCP Max tupu ni gramu 300 hivi. Ukijaza magazini ya risasi 10 na moja ndani ya chemba (pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa), unafika 400. P365 tupu ni nusu kilo. Ikijaa 10 na moja imepita 600. Glock 43 nayo tupu ni nusu kilo, lakini inabeba 6 tu, kwa hiyo ikijaa inabaki chini kidogo ya 600. Hiyo 19 yako ikijaa 15 inakaribia 850. Sasa chukua chupa ya maji ya nusu lita, ichomeke kiunoni upande mmoja, kimbia nayo hadi Kololo. Hiyo ni tofauti kidogo tu na P365. Na LCP Max ni chupa hiyo ukiwa umeshakunywa mafunda kadhaa.

Kwa mbio peke yake LCP Max inashinda zote. Nilikuwa naisahau kama iko. Lakini kuipiga ni adhabu. Ni nyepesi, kishikio ni kifupi, kidole kidogo kinaning'inia hewani, na inapiga teke kuliko unavyotarajia kwa risasi ya .380. Mkono ukiwa na jasho inageuka kiganjani baada ya kila risasi. P365 ilinielemea kilomita tano za kwanza, kisha nikazoea, na uwanjani napiga nayo karibu sawa na bastola kubwa. Mimi nilibaki na P365.

Opio_Lira
Mimi nabeba fimbo. Gramu sijapima.

Afande_Mstaafu
Kijana wa Naguru, nakusalimu kutoka Jinja. Umeuliza bastola, mimi nakujibu mkanda.

Sisi tulikimbia mchakamchaka na bunduki kifuani miaka mingi. Bunduki ya kilo nne iliyoshikwa vizuri haikuchoshi kama kisu cha robo kilo kinachogonga nyonga kila hatua. Kinachoua mkimbiaji ni kugonga. Bukta haina mshipi, kwa hiyo holsta (ala ya bastola) ya kawaida ya kubana kwenye mshipi haina pa kushika. Hapo ndipo bukta yako ilipokimbia kuliko wewe. Unahitaji mkanda unaojitegemea, unaofungwa mwilini chini ya nguo. Wamarekani wanauza mmoja unaitwa Enigma, wa PHLster: holsta ngumu iko juu ya kibao chenye mkanda wake, suruali haihusiki kabisa. Unaweza kuvaa hata na kanzu.

Kuna ile mikanda mipana ya mpira ya tumboni. Ni rahisi, ila angalia sana: ule mpira ni kitambaa. Kitu chochote kinaweza kusukuma kifyatulio kupitia kitambaa. Glock haina sefti (kufuli la usalama) ya kidole upande, LCP Max ya kawaida hali kadhalika. Usikimbie na risasi ndani ya chemba kama kifyatulio hakijafunikwa na plastiki ngumu. Hilo halina mjadala kwangu.

Na kile kipochi cha kiunoni, mbele ya tumbo, kinachouzwa kama suluhisho: Kampala ukivaa kipochi unamwambia mtu wa bodaboda kwamba simu na pesa ziko humu. Atakivuta. Utakuwa umempa mwizi bastola yenye jina lako. Tangu 2018, Rais alipoagiza, bunduki zinachukuliwa alama zake za risasi na polisi. Kitakachofanywa nayo kitakurudia wewe.

BinMasika
Afande, hilo la kipochi sikulifikiria. Texas hakuna bodaboda.

Nnalongo_Ntinda
Jamani samahani, naingilia mazungumzo ya wanaume. Nakimbia miaka tisa, nimekimbia zile mbio zote za Kampala na ile ya Kasese, na sijawahi kubeba bunduki. Nimeibiwa simu mara moja, Bukoto. Bodaboda ilitoka nyuma, abiria akanyoosha mkono, wameshaondoka. Hesabu sekunde: tatu? Hata ningekuwa na kifaru sikuwa na la kufanya. Tena nilikuwa na spika masikioni, makosa yangu.

Ninachotaka kujua, ndugu wa Naguru: utampiga nani? Mwizi wa simu anayekimbia ukimpiga risasi mgongoni, wewe ndiye utakayesimama mahakamani, na wakili atakula zaidi ya simu mia. Adui yangu mkubwa barabarani ni mbwa. Mbwa nao hawapigwi risasi kwenye lami, risasi inadunda inaingia kwenye duka la mtu anayepanga chapati. Mimi nasimama, namtazama, najifanya naokota jiwe. Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima kabla hujafanya lolote, halafu nenda ukachome chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyohiyo. Hayo yamewahi kunifaa. Bunduki bado.

MkimbiajiNaguru
Nnalongo, nakuelewa, na sitaki kumpiga mwizi wa simu. Simu nitaiacha iende. Lakini mwezi wa pili kulikuwa na gari moja iliyonifuata alfajiri tatu mfululizo, polepole, taa zimezimwa. Niliripoti. Ndiyo maana nabeba. Si simu wanayoitaka.

Nnalongo_Ntinda
Basi hiyo ni habari nyingine, na ungeanza nayo. Ila badilisha njia kwanza, na saa. Ukitoka kila siku kumi na moja na nusu kwa njia ileile umewarahisishia kazi. Njoo Jumanne na Alhamisi, tunakutana kikundi cha watu ishirini na kitu.

KijanaKawempe
Wakubwa, nina miaka 23, nami nataka ndogo kama hiyo LCP. Naanzia wapi? Kuna jamaa ananiambia anaweza kunipatia haraka.

Afande_Mstaafu
Anzia kwa kumkimbia huyo jamaa. Hiyo itakuwa mbio yako bora mwaka huu. Kwa sheria ya silaha ya Uganda, chini ya miaka 25 hupewi cheti. Ukifika umri unaanza kwa mwenyekiti wa LC1 wako (baraza la kijiji), unapanda polisi ya wilaya, wanakuchunguza tabia na sababu, unapanda tena juu, na mwisho unapewa au unanyimwa. Ukipewa, unahuisha kila mwaka. Silaha unanunua kwa mwenye leseni ya kuuza, pamoja na karatasi zake. Ukikutwa na ile ya jamaa yako ni jela, hakuna mjadala wa chapa wala gramu.

Nyongeza kwa MkimbiajiNaguru: ukibadilisha bastola unabadilisha na karatasi. Usidhani cheti cha 19 kinafunika 43 kwa kuwa zote ni Glock. Kila silaha na namba yake.

FundiMbarara
Hakuna aliyetaja kutu, nami ndicho ninachokiona kila wiki. Jasho ni chumvi. Bastola inayokaa tumboni saa moja kila asubuhi, halafu inatupwa kwenye droo ikiwa na unyevu wake, kwa mwezi mmoja inaanza madoa ya rangi ya udongo kwenye slaidi (sehemu ya juu inayoteleza), kwenye skrubu, na mahali pabaya zaidi, ndani ya magazini kwenye springi.

Glock ina ngozi ngumu ya chuma inayovumilia sana. 642 ina mtutu na silinda ya chuma kisichoshika kutu kirahisi (usichanganye na dada yake 442, ile nyeusi, ambayo ni ya chuma cha kawaida). Hata hivyo zote zinataka kufutwa ukifika nyumbani, kabla ya chai, kitambaa kikavu kisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Kidogo. Nimeletewa bastola zilizokaangwa kama samaki. Mafuta mengi yanakusanya vumbi, na risasi zinazoogelea kwenye mafuta zinaweza kukataa kulia. Risasi za kukimbia nazo zitenge, kila baada ya miezi michache uzipige uwanjani uweke mpya.

Kuhusu rivolva: haina nyundo ya nje, hainasi kwenye nguo, unaweza kuifyatua hata ikiwa ndani ya mfuko. Risasi 5. Lakini silinda ni nene, milimita 33 hivi, na LCP Max ni kama 20. Hiyo nene utaiona kwenye fulana iliyolowa jasho. Tena kuvuta kifyatulio chake ni kazi, kama kuinua kilo tano kwa kidole. Baada ya kupanda Kololo mkono unatetemeka, jaribu uone.

La mwisho: risasi. Ya 9 mm, ya Glock 43 na P365, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Luger zaidi ya miaka 120 iliyopita, ndiyo ya polisi na majeshi karibu dunia nzima, na ndiyo utakayoikuta kwa muuzaji. Ya .380, ya LCP Max, huku kwetu unaitafuta kama sindano. Bastola usiyoweza kuifanyia mazoezi kwa sababu huna risasi, hata iwe nyepesi kama unyoya, ya nini?

Opio_Lira
Fundi, hiyo ya samaki nimeicheka peke yangu kwenye taksi, watu wananitazama.

Afande_Mstaafu
Fundi amegusa jambo. Fanya hivi kabla hujalipa pesa. Ukiwa kwa muuzaji, mwombe ile unayoifikiria, ITOE RISASI ZOTE, mtu wa pili ahakikishe, nenda uani kwake, siyo barabarani. Kimbia papo hapo mpaka pumzi ikate. Halafu fulana juu, mkono wa kushoto ushike kitambaa, wa kulia uchomoe. Mara kumi. Utajua mwenyewe ipi inakufaa.

Na ukipita Kololo, kumbuka kuna mabalozi na walinzi wenye silaha kila kona. Mtu anayekimbia gizani na kivimbe kiunoni, halafu anapeleka mkono pale kukiweka sawa, walinzi hawatakuuliza mara mbili. Usiguse-guse. Kama mkanda wako unakulazimisha kuugusa, mkanda haufai. Na usimalizie mazoezi kwenye maduka makubwa kununua maji. Tangu mabomu ya 2010 kila lango lina askari na mashine ya kukagua vyuma.

MkimbiajiNaguru
Nimerudi baada ya wiki tano. Muuzaji wangu alikuwa na Glock 43 na P365. Jaribio la Afande nililifanya na zote mbili, mke wangu akihesabu na kunisema. P365 ilitoka vizuri zaidi, kishikio kinajaa mkono. Lakini nilichukua 43, kwa sababu miaka minne kidole changu kimezoea Glock, na sikutaka kujifunza upya nikiwa nahema. Risasi sita. BinMasika atanisema.

Mkanda nimeagiza, ule unaojitegemea. Siku za kwanza tatu ulinichubua chini ya kitovu, nikavaa fulana ya ndani ya kubana, umeisha. Njia nimebadilisha, na Jumanne na Alhamisi nakimbia na kina Nnalongo, ambako bastola inabaki kwenye sefu nyumbani. Nabeba Jumamosi tu, zile kilomita 16 za peke yangu.

Gari lile sijaliona tena.

Nnalongo_Ntinda
Alhamisi ulichelewa dakika kumi. Na ulisahau ndizi.