Ushauri: Akina mama wa mwaloni hawataki kusikia mkopo wa halmashauri

Mwanika Dagaa
Wakuu habari za jioni. Niko mwambao wa Sengerema, tuko akina mama wanane tunaonunua dagaa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, tunaanika, tunapeleka Mwanza mjini. Mbalamwezi ikitoka boti haziendi kuvua, mtaji unaliwa nyumbani. Giza likirudi tunakimbilia kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na hiyo inatumaliza kwelikweli. Nimewaambia tuombe mkopo wa ile asilimia 10 ya halmashauri. Wanasema, "Hiyo ni ya wenye kadi ya chama." Mmoja anahofia kiwanja chake kuchukuliwa. Sasa wananiona kama nimetumwa. Nianzie wapi?

Kamongo
Dada, anzia kwenye ushuru. Mzigo ukitoka mwaloni si mnakatiwa risiti? Huo ushuru unaingia mapato ya ndani ya halmashauri, na asilimia 10 inatengwa humohumo. Ni jasho lenu, hakuna mkubwa anayewapa zawadi. Tangu 2018 imo kwenye sheria: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, bila riba. Nenda na risiti kikaoni, wazishike mkononi.

Mtoto wa Visiwani
Sawa, ila msiwalaumu hao mama. 2023 serikali ilisimamisha mikopo hiyo, ikarudi 2024. Vikundi hewa vilikuwepo, madeni hayakurejeshwa. Wao waliona tu hela imekatika, nani alikuja mwaloni kuwaeleza? Ukiwaendea na maneno ya kusifia watazidi kukukwepa.

Bibi Nyanza
Mwanangu, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Simameni hata watatu, muulize kwa adabu: vikundi gani vya kata yetu vimepata, shilingi ngapi, vimerejesha kiasi gani? Ombeni orodha ibandikwe ofisi ya kijiji. Usitaje jina la mtu wala kusema wizi, maana ugomvi ukianza swali lako halijibiwi tena. Hao wenzako wakisikia majibu kwa masikio yao ndipo uwarudie na habari ya kikundi.

Mwanika Dagaa
Shikamoo bibi, asante sana. Na yule wa kiwanja nimjibuje?

Kamongo
Mwambie anayekopa ni kikundi, si yeye peke yake. Mmoja akikwama mnabebana, kwa hiyo chagueni watu mnaojuana.

Bibi Nyanza
Marahaba. Mkimuona afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwelezeni mapema kuwa mbalamwezi hamna biashara, muombe marejesho yapangwe kufuata giza. Hilo lisemwe kabla hamjasaini.