Tupeane uzoefu: neno "right" la Kiingereza limewahi kukukwamisha wapi?

Mpenda Lugha (mwanzisha mada): Wanajamvi, salamu. Leo nimekumbuka nilipokuwa nikijifunza udereva kwa Kiingereza. Tulipokaribia njia panda nilimuuliza mwalimu kama nikate kushoto, akajibu "right" kwa maana kwamba nimesema sawa, nami nikazungusha usukani kulia mbele ya lori. Neno hilo hilo ni upande wa kulia, ni haki ya mtu, ni jibu sahihi, na ukiliunganisha na "now" linakuwa papo hapo. Nanyi limewapata wapi?

Binti Kamusi: Umenigusa. Mwalimu wangu alilipiga marufuku ndani ya gari kwa maana ya kukubali.

Mtunza Ghala: Mimi nusura nipoteze kazi. Mizigo ilitoka ghalani bila kibali, nikaitwa kuhojiwa kwa Kiingereza. Mkaguzi akaniuliza, "You did not sign this, right?" nami nikajibu "Yes", kwa kuwa kichwani nilikuwa nikisema, "Ndiyo, sikutia saini." Aliandika kwamba nimekiri, akanisogezea karatasi, nami kwa kuwa sikuwa na hofu yoyote nikaweka jina langu chini yake bila kuisoma. Nilikaa nyumbani siku nne nikisubiri barua ya kufukuzwa, mpaka mwenzangu mmoja alipoomba saini ya kwenye hati ya mizigo ilinganishwe na yangu.

Binti Kamusi: Pole sana. Nami nimewahi kujibu hivyo hivyo.

Mwalimu Mstaafu: Ndugu yangu, nakuhurumia, lakini kilichokuponza ni "yes". "Ndiyo" yetu humkubalia muulizaji kauli yake, ilhali "yes" ya Kiingereza hufuata tendo lenyewe, kama limefanyika au halikufanyika.

Mtunza Ghala: Hapo sikubaliani nawe, Mwalimu. Angeniuliza moja kwa moja kama nilitia saini, ningekana bila kusita. Ni lile "right" la mwishoni lililonitaka niikubali kauli yake.

Muuguzi wa Zamu: Samahani kwa kuwakatiza. Tulikuwa tukimwandaa mgonjwa wa upasuaji wa goti, na daktari aliuliza, "Left knee, right?" Mwenzangu, aliyekuwa akipanga vifaa, alisikia neno la mwisho tu, akaanza kupaka iodini goti la kulia. Mstari wa wino ulikuwa kwenye goti la kushoto, lakini shuka lilikuwa limeufunika. Orodha ya ukaguzi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 hututaka sote tusimame kabla ya kisu kugusa ngozi, tuthibitishe mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, na sehemu gani ya mwili. Tuliposimama niliinua shuka nikauona ule wino, na iodini ilikuwa imeshakauka kwenye goti lisilo na ugonjwa. Hakuna aliyesema neno.

Binti Kamusi: Mwili umenisisimka! Je, mgonjwa aliambiwa?

Mpenda Lugha: Nami nangoja jibu hilo hilo.

Karani Mwandamizi: Ushauri wangu ni kwamba "right" libaki kuwa upande tu, na anayekubali aseme "correct".

Fundi Kreni: Kazini kwetu hilo halisaidii, kwa maana kwenye kelele maneno yote mawili hupotea. Sisi huonyeshana kwa mkono, na asiyeuona mkono hasogezi kitu.

Mwalimu Mstaafu: Msiwalaumu Waingereza peke yao. Neno lao asili yake ni kunyooka, ndiyo maana pembe ya nyuzi 90 huitwa "right angle". Nasi "kulia" yetu ni upande na pia ni kutoa machozi, na anayetaka kuepuka utata anaweza kusema mkono wa kuume.

Muuguzi wa Zamu: Aliambiwa jioni ile ile, alipokuwa amezinduka vizuri. Aliyatazama magoti yote mawili kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba laiti angejua, lile la kulia angeliandika "si hili" kwa mkono wake mwenyewe.